Mtoto wa Crispin Anavuka Danubi

Forest, Brussels, 9 Machi 2025

Graciella mwanangu,

Nakusalimu, na umsalimu mama yako. Hapa baridi ni ile ya mwisho, inayokataa kuondoka kama mgeni aliyekwisha kula. Jémima amehamia Liège kwa kazi yake ya hospitali. Jumapili moja moja anarudi kwangu kula bukari, ugali wetu, maana huko, anasema, hakuna anayejua kuisonga. Papa Kalenga, yule mzee wa duka la vyakula la Chaussée de Wavre ambaye baba yako alipenda kubishana naye kila alipotutembelea, bado yuko. Bado anauza samaki wakavu, bado anaamini Kongo itanyooka mwakani. Jumamosi aliniuliza habari zako. Nilimjibu kwa kiburi kwamba utakuja kumsalimu mwenyewe Septemba, ukiwa mwanafunzi wa Brussels.

Hiyo ilikuwa Jumamosi. Jumapili nikaaibika.

Jémima alikuwa jikoni kwangu, mwiko mkononi, mvuke usoni. Akasema hivi hivi tu, kama mtu anayetaja mvua:

"Maman, unajua Graciella anaenda kusoma Bulgarie?"

"Graciella gani?"

"Aba! Graciella wetu. Alisha kuamua. Aliniandikia kwa WhatsApp."

Alisha kuamua! Mtoto wa kaka yangu mmoja, na habari yake naipokea juu ya sufuria. Graciella, baba yako hakukufundisha? Kwa watu wetu dada wa baba anaitwa tatu mukaji, baba mwanamke. Baba akifa, baba mmoja anabaki, na huyo ni mimi. Mtoto haendi kuolewa wala haendi safari ya masomo kabla tatu mukaji hajamkalisha mbele yake, akampaka lupemba, ule udongo mweupe, kwenye paji la uso, akataja jina la baba yake. Kwanza unaomba njia, ndipo unafunga mzigo. Wewe umefunga mzigo, ukamwambia dada yako kwa simu, nami nikaachiwa mvuke.

Halafu Bulgaria! Jémima ananieleza eti vijana wengi wa huko kwenu Romania wanavuka kwenda kusoma nchi za jirani: Hungaria, Serbia, Bulgaria, Moldova, kwa sababu huko ni nafuu. Nimekuwa mjumbe wa wafanyakazi kiwandani miaka mingi, na neno hilo nalijua kuliko jina langu. Kila mara mtu mkubwa aliposema mbele yangu kwamba kitu fulani ni nafuu, alikuwa na maana kwamba mtu mdogo atakilipia baadaye. Elimu si nyanya, mwanangu. Huchagui iliyo karibu kwa kuwa kikapu ni kizito.

Chumba cha Jémima kiko wazi. Nimefua mapazia. Kuna meza, kuna dirisha linalotazama bustani ya jirani, kuna mimi. Niandikie barua kamili kama alivyokuwa akiandika baba yako. Mambo ya simu niachie mimi na wauza samaki.

Anayekupenda hata akikasirika,
Mbombo

---

Giurgiu, 30 Machi 2025

Tantine Mbombo mpendwa,

Shikamoo, kama baba alivyonifundisha kuanza. Mimi na mama hatujambo. Miti ya plamu imechanua nyuma ya jengo letu. Ndege wa mtoni wamerudi, na wavuvi wa Danubi wameanza tena kusema uongo juu ya samaki waliowakosa. Mama anakusalimu. Nimebadilisha maua kaburini kwa baba. Mtu, sijui nani, alikuwa ameacha pale kofia ya kazi ya kile kiwanda cha meli alikofanya kazi, imeoshwa.

Tantine, umenikemea na umenikemea kwa haki. Nilipaswa kukuomba njia kwanza. Nilimwandikia dada Jémima kwa kuwa niliogopa kukuandikia wewe, na niliogopa kwa kuwa nilijua utasema nini. Kiswahili changu ni cha baba. Sina mtu mwingine wa kukizungumza naye tangu alipofariki, na nikitaka kukieleza kitu kikubwa huwa nasikia sauti yake ikinisahihisha.

Sasa naomba. Nataka kusomea uhandisi wa mashine za kilimo katika chuo kikuu cha Ruse. Ruse ni mji wa Bulgaria ulio ng'ambo ya mto, mbele ya macho yetu. Nikisimama ukingoni naona taa zake. Mwaka wa kwanza nitajifunza lugha yao, halafu masomo yenyewe. Ada tunalipa kama wenyeji, kwa kuwa sote ni wa Umoja wa Ulaya, na tangu Januari hakuna hata polisi wa pasipoti darajani. Bukareshti ni karibu pia, lakini nafasi za serikali ni chache na chumba cha kupanga huko kingemeza mshahara wote wa mama. Kutoka Ruse nitarudi nyumbani kila jioni.

Brussels ni mbali, tantine. Sisemi kwamba ni pabaya. Nakumbuka nilipokuja na baba nikiwa na miaka tisa, ukatupeleka Matonge, mtaa wa Wakongo, ukaninunulia kitambaa cha wax chenye picha za feni, na wanawake wote wa mtaa wakaniita maman. Nyumbani nilikataa kukivua mpaka mama alipokiosha nikiwa nimelala. Baba alikuwa mtu mwingine kule. Alicheka kwa tumbo. Hapa Giurgiu alicheka kwa midomo.

Naomba baraka yako. Najua unaitoa kwa mkono na si kwa karatasi. Nikija kwako wiki moja wakati wa likizo, utanipaka?

Mtoto wako,
Graciella

---

Forest, 21 Aprili 2025, Jumatatu ya Pasaka

Graciella mwanangu,

Kristo amefufuka. Mwaka huu Pasaka yetu na yenu Waorthodoksi zimeangukia siku moja, basi nakusalimu bila kuhesabu kalenda. Tulisali vizuri. Kwaya ya Wakatanga na kwaya ya Wakivu ziligombania kipaza sauti kama kawaida, na Mungu akasikia zote mbili. Jémima hakuja, alikuwa zamu. Nilipika mihogo na sombe ya watu sita, nikala mtu mmoja, nikampelekea jirani wa chini, mzee Mflamandi, aliyeniuliza kama majani hayo ni ya dawa.

Barua yako nimeisoma. Imeandikwa vizuri na imenitia uchungu. Ile habari ya kucheka kwa midomo sikuijua.

Unajua kwa nini baba yako alikwenda Romania? Alitaka Ubelgiji. Kila kijana mwenye akili wa Likasi, mji wetu kule Katanga, alitaka Ubelgiji. Ubelgiji haikumtaka, Romania ikampa nafasi ya kusomea madini. Mwaka 1982 tulimsindikiza kituoni, nami nilikuwa na miaka tisa kama wewe siku ya kitambaa chako. Tatu mukaji wetu alimpaka lupemba mbele ya watu wote, yeye Crispin akiwa na suti ya kuazima, na weupe ukamdondokea kwenye tai. Alikataa kuufuta. Baada ya hapo barua zake zilikuja mara moja kwa miezi miwili, na baba yetu alizisoma kwa sauti uani siku ya Jumapili, baada ya misa. Majirani walikuja na viti vyao. Crispin alieleza theluji, alieleza treni inayopasha miguu joto, na wazee wakasema "Huyu anadanganya" na kuomba isomwe tena. King'ora cha mgodi kikilia, baba alinyamaza mpaka kiishe, kisha anaendelea pale pale, kidole kwenye mstari. Mwanangu, nimesoma vitabu vingi tangu wakati ule, vikubwa, vya watu wenye sifa. Hakuna kilichowahi kusomwa mbele yangu vizuri hivyo.

Wale majirani wenye viti, sasa nitakuambia habari zao.

Babu yetu alitoka Kasai kujenga reli. Baba yetu alizaliwa Likasi, mimi na baba yako tulizaliwa Likasi. Mwaka 1992 ikatangazwa kwamba watu wa Kasai si wa pale. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Ng'ambo ya njia yetu aliishi Maman Émérance. Kwa miaka kumi na miwili alikuja kwetu kuomba chumvi, na mama alikwenda kwake kuomba makaa. Siku tulipofunga vitu ili twende kulala kituoni, tusubiri treni ya kutupeleka nchi ambayo hatukuwahi kuiona, alivuka njia akaja. Nilidhani anakuja kulia nasi. Alisema: "Ile cherehani munaiacha? Mutaifanya nini kule?" Alisema kwa sauti ile ile aliyokuwa akiombea chumvi. Na mama akampa.

Kwa hiyo usiniimbie wimbo wa nchi jirani. Jirani ni neno tamu kwa aliye mbali. Wakubwa wa Ulaya wanapiga makofi kwamba mipaka imekufa. Wanakwenda kwenye madaraja na tarumbeta. Mimi nakuambia mpaka haufi. Unalala. Siku nchi mbili zikipata njaa unaamka, na wa kwanza kuonyeshwa mlango ni yule ambaye uso wake unaeleza safari kabla hajafungua mdomo. Hapa Brussels angalau tuko wengi. Wakitaka kututoa, watahitaji treni nyingi.

Umeniuliza kama nitakupaka ukija kwa wiki moja. Hapana. Ukija kukaa, nitakupaka hapo hapo uwanja wa ndege, watu wote watazame. Ukienda Bulgaria, nenda, una miguu. Lakini mkono wangu usiuombe.

Tatu mukaji wako,
Mbombo

---

Giurgiu, 15 Juni 2025

Tantine,

Shikamoo. Mtihani wa kumaliza sekondari, bakaloreati, umekwisha wiki hii. Hesabu zilikuwa nzuri, Kiromania kilikuwa kirefu. Joto limeanza. Mama hajambo.

Habari ya Maman Émérance sikuijua. Baba hakuwahi kuitaja Likasi baada ya mwaka ule. Alitaja Likasi ya kabla tu, na mimi nilidhani mji ule umesimama vile vile mpaka leo, na baba yenu anasoma uani. Nimelia, tantine, sitaki kukuficha. Nimemtafsiria mama, naye akaondoka mezani.

Lakini nina swali, na unisamehe kwa kumwuliza mtu mzima. Barua zako mbili zimejaa kazi yangu ya kesho. Juu ya kazi yako ya leo hakuna neno. Mwezi Februari televisheni ya hapa ilionyesha kiwanda cha magari cha Forest kikifungwa, watu wakitoka getini wamekumbatiana. Nilikutafuta kati ya nyuso. Siku chache baadaye ukaniandikia juu ya baridi, juu ya samaki wakavu, na juu ya mapazia. Unapika chakula cha watu sita. Dada Jémima yuko Liège.

Tantine, unaniita nije kusoma, au unaniita nije kukaa nawe?

Kama ni kukaa, ningependa uniambie hivyo. Nisingekasirika. Ningejua tu ni kitu gani ninachokataa.

Nitajiandikisha Ruse mwezi ujao. Bado naomba.

Graciella

---

Giurgiu, 19 Oktoba 2025

Tantine Mbombo,

Shikamoo. Hukunijibu. Miezi minne nimekwenda kwenye sanduku la posta mpaka jirani wa ghorofa ya kwanza ananiuliza kama ni mchumba. Nimesema ni baba. Akanitazama vibaya, kwa kuwa alikuwepo mazishini.

Najua swali langu lilikuwa kofi. Sitalirudia. Lakini kwa kuwa nilikudai ukweli, ni lazima nilipe wangu.

Mama anapoteza macho. Ilianza kabla baba hajafariki, sasa katikati ya jicho hakuna kitu. Anaona pembeni tu: anaona mlango lakini haoni uso wa anayeingia. Jioni anashindwa kabisa. Kazi ya maktaba ameiacha mwezi Julai. Ndiyo sababu sikuweza kwenda mbali, na ndiyo sababu sikukuambia. Mama alinikataza. Alisema: "Dada yake Crispin hajawahi kuniita kwa jina langu hata mara moja. Ataniita mzigo? Hilo litakuwa jina langu la kwanza kutoka kwake." Ni kweli, tantine. Nimezitazama barua zako zote, hata zile za zamani kwa baba. Kwanza ni "mkeo", halafu ni "mama yako". Hakuna pengine popote.

Sasa nikueleze huko ninakokwenda, maana hata ukikasirika najua unapenda kuelezwa.

Basi linaondoka asubuhi na linajaa. Daraja linatengenezwa, upande mmoja umefungwa, malori yanapanga mstari mpaka mjini, na kila abiria ana maoni yake juu ya wahandisi. Siku ya kwanza tulipofika katikati ya mto nilitaja jina la baba mimi mwenyewe, polepole, kwa kuwa hakukuwa na mtu mwenye haki ya kulitaja kwa ajili yangu. Nilijihisi kama mtu aliyejiozesha.

Darasani tuko kumi na wanne: Waukraine, Waturuki, msichana mmoja wa Moldova, wengine. Mwalimu wetu wa lugha ni mwanamke mfupi mwenye sauti ya mnada. Akatuuliza mmoja mmoja tunatoka wapi. Unajua jibu langu, tantine, nimelibeba tangu shule ya watoto wadogo, lina vituo kama treni. Giurgiu. Ndiyo, Giurgiu. Hapana, nimezaliwa pale pale. Ndiyo, mama ni wa hapa. Baba alitoka Kongo. Ndiyo, naisikia lugha vizuri. Nikalipanga kinywani. Nikasema "Giurgiu," nikasubiri.

Akasema: "Aa, jirani! Basi wewe usiniletee hadithi za kuchelewa." Akaenda kwa anayefuata.

Nilibaki na vituo vyangu vyote mdomoni.

Wiki iliyofuata nilikwenda sokoni kununua jibini. Mama mmoja muuzaji alipoisikia lafudhi yangu akashika kiuno: "Mromania mwingine! Kila Jumamosi mnavuka, mnamaliza jibini nzuri, sisi tunabaki na chumvi. Na magari yenu mnayaegesha kama mmeachiwa urithi!" Watu wakacheka. Mimi nilicheka mpaka nikalia, yule mama akaogopa, akanipa kipande cha bure.

Tantine, nimetukanwa kama Mromania. Miaka kumi na tisa Giurgiu haijawahi kunipa zawadi hiyo. Nyumbani mimi ni binti wa yule Mwafrika. Nikivuka mto, mimi ni mtu wa ng'ambo tu, yule mwenye kumaliza jibini. Huenda una haki, huenda mpaka umelala na siku moja utaamka. Lakini siku hiyo angalau watanifukuza kwa sababu ya nchi yangu, si ya uso wangu.

Niko Ruse bila mkono wako. Nasoma, napata alama nzuri, na kila asubuhi paji la uso wangu liko uchi. Sikuandikii ili unihurumie. Nakuandikia kwa kuwa wewe ndiye baba niliyebaki naye.

Graciella

---

Forest, 2 Novemba 2025, siku ya marehemu wote

Graciella,

Nakusalimu. Namsalimu Doina.

Nimeliandika. Litazame vizuri, halafu umsomee.

Leo tumewaombea wafu wetu. Padre alisoma majina, nami nilimpa la Crispin kwa karatasi yenye herufi kubwa, kwa kuwa mwaka jana alilisoma vibaya nikamsahihisha kanisani. Jémima alikuja kutoka Liège na mwanaume anayeitwa Hénock, mpole kupita kiasi. Namchunguza. Mvua inanyesha tangu Ijumaa.

Kiwanda kimefungwa. Nilikuwa getini, upande wa kushoto, kamera haikufika. Nimefundishwa kutunza wazee, na sasa mimi niliyekuwa nikifoka mbele ya mabosi nafokewa na bibi mmoja wa miaka tisini kwa sababu chai haikukolea. Nafoka pia. Ameomba niwe nakuja kila siku.

Uliniuliza nakuita usome au ukae. Ukae. Nilihitaji miezi minne kuandika neno hilo, na sasa lisitajwe tena kati yetu.

Juu ya majirani sijabadilisha nukta. Nitabishana nawe mpaka tuzeeke wote wawili, na nitakuletea historia, tarehe na ushahidi. Lakini barua yako niliisomea kwenye tramu, na pale kwenye jibini nilicheka peke yangu, mtoto mmoja akahama kiti. Kisha nikafikiri. Likasi tuliishi vizazi vitatu, na walitupenda, walileta viti, walisikiliza theluji ya Crispin. Hakuna aliyewahi kutugombeza kwamba tunaegesha vibaya. Mgeni hagombezwi hivyo. Mgeni anapewa kiti. Hilo sikulijua mpaka uliponieleza wewe, mtoto wa juzi, na halinifurahishi hata kidogo kulijua.

Jana nilikwenda Chaussée de Wavre kununua lupemba. Wengine wanaiuza kwa wanawake wajawazito, wanaitafuna. Papa Kalenga aliniwekea kipande safi, akaniuliza ni ya nani. Nikamwambia ya mtoto wa Crispin, aliyeko Romania, nami nitaituma.

"Utatuma lupemba na posta, Maman Mbombo? Kama vile soksi?"

"Ndiyo, papa."

"Bon. Na nani atamupaka mutoto?"

"Mama yake."

Duka zima likatugeukia. Alikuwepo mwanamke na mihogo mkononi, akairudisha chini ili asikilize vizuri.

"Ule muzungu?"

"Ule muzungu eko na jina, papa."

"Mbombo, ile si desturi! Tatu mukaji ni tatu mukaji. Mama anazaa, alafu ananyamaza. Kama kila mutu anageuza desturi, tutabakia na nini?"

Nikamjibu kwa Kiswahili cha kitabuni, maana nikikasirika napanda ngazi. Nikamwuliza desturi ni ya nani. Kama ni ya tatu mukaji, basi tatu mukaji anaweza kumwazima mtu mkono wake, kama mfalme anavyomwazima mjumbe mdomo. Na kama tatu mukaji hawezi, basi desturi hiyo ni ya Papa Kalenga, na ningependa kujua ni lini yeye alizaliwa akiwa dada wa Crispin. Watu wakapiga kelele. Yule wa mihogo akasema "Voilà!" Papa Kalenga akafunga kipande kwenye karatasi, akakataa nikilipie, akasema amekasirika, akatoka nje nyuma yangu kwenye mvua kuniuliza kama mtoto anasoma vizuri.

Ningeweza kuja mwenyewe. Ndege zipo, na nitakuja. Lakini sitaki paji lako likae uchi mpaka nipate likizo, na kuna jambo jingine. Nikija na kukupaka mimi, Doina atakaa pembeni akitazama kile asichoweza kukiona. Miaka thelathini nilimweka pembeni. Inatosha.

Basi fanyeni hivi. Asubuhi, kabla ya basi. Keti chini, mama yako aketi kwenye kiti. Mwambie alowanishe udongo kwa maji kidogo katika kiganja cha mkono wa kushoto, achovye humo kidole gumba cha mkono wa kulia. Kabla hajakugusa, mshike mkono huo wewe mwenyewe na useme kwa sauti: "Huu ni mkono wa Mbombo, binti wa Kazadi, dada wa Crispin." Kisha yeye aseme maneno haya. Mfundishe, hata akiyavunja si kitu, waliotangulia wanaelewa lafudhi zote:

*Mtoto wa Crispin, njia nimekupa. Maji uyavuke yakiwa chini yako. Mlango utakaoubisha ufunguliwe, na ukifungwa, usisimame mbele yake ukilia. Unachojifunza kikae. Ulipotoka pasikusahau, na unapokwenda pakuzoee.*

Kisha akupake, kutoka juu kuja chini, mara moja. Usifute.

Asihangaike kukitafuta kipaji chako cha uso kwa macho. Kidole chake kinakijua. Alikipapasa kabla yangu.

Mbombo